Kucheza, Kuimba na Kulea: Uhakiki wa Nadharia za Muziki wa Watoto kwa Mtazamo wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika shule nyingi za chekechea, zile ambazo wakazi wa Lubumbashi huziita maternele, siku huanza kwa wimbo. Watoto husimama katika duara, hupiga makofi, huinua mikono, hugeuka, kisha huketi. Aghalabu maneno ya wimbo huo ni ya Kifaransa, na mahadhi yake yametoka Ulaya. Mtoto wa miaka minne aweza kuuimba wote bila kukosea hata pigo moja, na asijue neno lolote kati ya yale aliyoyatamka. Jioni, mtoto huyo huyo akiwa uani pa nyumba yao, huruka kamba pamoja na wenzake kwa maneno ya Kiswahili aliyojifunza kwa dada yake mkubwa. Hapo hakuna mwalimu, wala hakuna aliyelipa karo.

Kati ya duara hizo mbili kuna suala ambalo wataalamu wa Kiswahili wameliachia kwa muda mrefu walimu wa muziki na wataalamu wa saikolojia. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu elimu ya taifa imeruhusu lugha za taifa, pamoja na lugha za mazingira ya mtoto, zitumiwe kufundishia. Lakini sheria haitungi nyimbo. Anayetaka kuwaongoza watoto wadogo na wazazi wao katika mchezo, wimbo na mwendo wa mwili kwa Kiswahili hulazimika kuchagua msingi wa kufuata, na misingi iliyopo vitabuni karibu yote imezaliwa mbali. Makala hii inanuia kuhakiki misingi mikuu minne, yaani ule wa Émile Jaques-Dalcroze, wa Carl Orff, wa Zoltán Kodály na wa John Blacking. Inauliza kila mmoja unasema nini pindi unapokabiliwa na lugha ya Kiswahili yenyewe: msamiati wake, silabi zake na mkazo wake.

2. Neno "kucheza"

Inafaa kuanza na neno. Kwa Kiswahili mtu hucheza mpira, hucheza karata, na hucheza ngoma. Kitenzi ni kimoja. Mfaransa hutenganisha: mchezo una kitenzi chake na dansi ina chake. Lakini Mfaransa huyo, kama Mjerumani, hutumia kitenzi kile kile cha mchezo kwa ala ya muziki, hali Mswahili ala huipiga: hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga kinanda. Kwa hiyo mpaka umechorwa mahali tofauti. Katika lugha hizo za Ulaya, kinachocheza ni mkono juu ya ala. Katika Kiswahili, kinachocheza ni mwili mzima, na ala huja kama kitu kinachopigwa ili mwili ucheze. Neno "ngoma" nalo hubeba kwa pamoja ala, dansi na mkusanyiko wenyewe wa watu.

Minyambuliko ya kitenzi hiki inaongeza jambo. Mama humchezesha mtoto mapajani kabla mtoto hajaweza kucheza peke yake. Baadaye mtoto huchezea kijiti au kopo. Akishapata wenzake, huchezeana. Haidaiwi hapa kwamba lugha ni ushahidi wa jinsi watu wanavyolea. Lugha huhifadhi mengi ambayo watu wamekwisha kuyaacha. Inatosha kusema kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kuwa mchezo na mwendo wa mwili ni jambo moja. Wazo ambalo waalimu wa Ulaya walilifikia kwa kazi ya miaka mingi, yeye amelipokea pamoja na kitenzi.

3. Dalcroze na Orff: mwili na ala

Émile Jaques-Dalcroze (1865-1950) alianza kufundisha katika chuo cha muziki cha Geneva mwaka 1892. Aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kuandika harmonia bila ya kuisikia, na kupiga ala bila kushika mapigo. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kutembea: mwanafunzi auchukue mdundo kwa miguu kabla ya kuusoma kwenye karatasi. Mwaka 1911 jengo la mafunzo yake lilifunguliwa Hellerau, karibu na Dresden, na mwaka 1915 chuo chake kilianzishwa Geneva. Mchango wake ni mkubwa. Hata hivyo ni lazima itambuliwe kwamba alikuwa akitibu ugonjwa. Alirudisha mwili mahali ambapo shule ilikuwa imeuondoa. Mtu anayechukua mazoezi yake na kuyaleta mbele ya watoto ambao hawajaondolewa mwili wao katika wimbo, hutoa dawa kwa asiyeumwa. Shule yetu, inayomketisha mtoto benchini saa nyingi kisha ikampa nusu saa ya "mwendo", huanza kwa kuleta ugonjwa ndipo ikaagiza dawa.

Carl Orff, akifanya kazi na Dorothee Günther katika shule waliyoianzisha Munich mwaka 1924, alikwenda mbele zaidi. Aliunganisha usemi, wimbo, mwendo na ala katika kile alichokiita muziki wa asili ya awali. Akishirikiana na Gunild Keetman, alitangaza kazi hiyo kwa watoto kupitia redio ya Bavaria kuanzia mwaka 1948, na majuzuu matano ya muziki kwa watoto yakachapishwa kati ya 1950 na 1954. Chuo cha Salzburg kinachobeba jina lake kilianza mwaka 1961. Leo marimba ndogo za mbao zenye vibao vinavyoondoleka hujulikana duniani kote kama ala za Orff.

Asili ya marimba hizo inastahili kuangaliwa. Orff mwenyewe alisimulia kwamba aliletewa marimba ndogo ya Kiafrika iliyotoka Kameruni, na kwamba marimba hiyo ilimwongoza fundi Karl Maendler katika kutengeneza ala za kwanza. Basi pindi shule ya Kiafrika inaponunua ala za Orff kwa fedha za kigeni, inanunua kitu ambacho mfano wake ulitoka Afrika. Hilo si kosa la Orff, kwa kuwa hakuficha. Uhakiki unapaswa kuuliza kitu kingine: katika safari hiyo kilipunguzwa nini? Marimba nyingi za Afrika ya Kati, kama madimba ya Waluba, huwa na vibuyu chini ya vibao, na kwenye vibuyu hubandikwa utando mwembamba unaotoa mvumo. Mvumo huo ni sehemu ya sauti inayotakiwa. Katika ala ya darasani mvumo umeondolewa ili sauti iwe safi. Tena, vibao viwili huweza kutolewa ili zibaki sauti tano zisizogongana, mtoto asiweze kukosea. Nia ni njema, maana mtoto hapati aibu. Lakini muziki ambao hauwezi kukosewa hauna haja ya kusikiliza wengine, na kusikiliza wengine ndiko kiini cha ngoma.

Inafaa kuongeza kwamba Waafrika hawakuwa wapokeaji tu. Mwaka 1971 Mghana W. Komla Amoaku alichapisha mkusanyo wa nyimbo na midundo ya watoto wa Ghana katika mfululizo huo wa Orff. Kazi ya namna hiyo kwa nyimbo za Kiswahili za Katanga, Kivu na Kisangani ingekuwa na manufaa, hata kwa yule asiyekubaliana na Orff.

4. Kodály: lugha ya mama na mkazo wake

Miongoni mwa hao wote, Zoltán Kodály (1882-1967) ndiye anayemgusa mwanaisimu kwa karibu zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1941 kuhusu muziki katika shule za chekechea za Hungaria, alilalamikia nyimbo zilizotungwa kwa mtindo wa Kijerumani na kuvishwa maneno ya Kihungaria. Lugha ya Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno. Nyimbo nyingi za Kijerumani huanza na noti dhaifu kabla ya pigo lenye nguvu. Maneno ya Kihungaria yakitiwa humo hupindika. Kodály alisisitiza kwamba kila mtoto ana lugha ya mama katika muziki kama aliyo nayo katika usemi, na kwamba hiyo ndiyo ya kuanzia. Hakubaki kwenye malalamiko. Yeye na Béla Bartók waliandaa mkusanyo mkubwa wa muziki wa jadi wa Hungaria, na juzuu la kwanza, lililotoka mwaka 1951, lilihusu michezo ya watoto. Mfano huo unafaa kuzingatiwa: katika kazi ya wanazuoni hao wawili mashuhuri, mchezo wa watoto ulitangulia.

Je, hoja yake yasimama katika Kiswahili? Kwa mtazamo wa kwanza yasimama vizuri. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kifaransa huuweka mwishoni mwa fungu la maneno. Mahadhi ya Kifaransa aghalabu hurefusha noti ya mwisho na kuipa uzito. Sentensi "baba anakuja" ikitiwa humo, uzito huhama kutoka "ku" hadi "ja". Mtoto huimba neno ambalo mama yake halitamki hivyo kamwe. Na mkazo katika Kiswahili waweza hata kubeba maana, kama ijulikanavyo katika jozi ya "barabara": mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya kupita, ukirudi kwenye ya pili, ni "sawasawa kabisa".

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hawezi kuishia hapo. Ushairi wa Kiswahili wa jadi haujajengwa juu ya mkazo. Umejengwa juu ya mizani, yaani hesabu ya silabi, na vina, ambavyo hukaa kwenye silabi ya mwisho. Shairi la mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, huimbwa kwa mahadhi mbalimbali, na katika kuimbwa mkazo wa usemi mara nyingi huachwa. Ikiwa watunzi wa jadi wenyewe waliruhusu silabi ya mwisho ibebe uzito, haiwezekani kuyahukumu mahadhi ya Kifaransa kwa kosa hilo peke yake. Hoja ya Kodály, iliyo na nguvu kwa Kihungaria, hudhoofika ikihamishwa bila kupimwa. Katika Kiswahili nguzo ni silabi. Mkazo ni pambo lake.

Jambo hili lina faida isiyotarajiwa kwa wasemaji wa Kongo. Mara nyingi husemwa kwamba mtoto wa Lubumbashi hawezi kutumia nyimbo za pwani kwa kuwa Kiswahili chake ni kingine. Tupime kwa makofi. Mtu wa pwani husema "mtoto": m-to-to, makofi matatu, kwani "m" hiyo ni silabi kamili. Mtoto wa Lubumbashi husema "mutoto": mu-to-to, makofi matatu. Pwani ni "mtu", m-tu. Lubumbashi ni "muntu", mu-ntu: makofi mawili kwa mawili. Pwani ni "nchi", n-chi. Lubumbashi ni "inchi", i-nchi: mawili tena. Sauti zimetofautiana, mizani haikutofautiana. Mikono ya watoto inashuhudia udugu wa lahaja hizi kuliko masikio ya baadhi ya wasahihishaji. Wimbo wa pwani waweza kuimbwa Katanga, na wa Katanga pwani, kila mmoja akibaki na matamshi yake, na mchezo usivunjike. Kwa hiyo mwalimu hana sababu ya kumkatiza mtoto katikati ya duara ili amsahihishe "mutoto" kuwa "mtoto". Usanifu wa lugha utafundishwa kwa wakati wake. Mtoto aliyekatizwa wimbo mara tatu hataimba mara ya nne.

Mkazo nao haupotezi kazi. Kitenzi kikinyambuliwa, mkazo husogea: katika "cheza" uko kwenye "che", katika "chezesha" uko kwenye "ze", katika "chezeshana" uko kwenye "sha". Mwongozaji aweza kuwataka watoto wapige makofi kwa kila silabi na kukanyaga ardhi kwa silabi yenye mkazo. Bila istilahi yoyote, miguu itakuwa imejifunza kanuni ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni huiandika daftarini.

5. Blacking: nani aliyesema rahisi ndiyo huanza?

Dalcroze, Orff na Kodály, pamoja na tofauti zao, wanakubaliana kwamba mafunzo yaende hatua kwa hatua, kutoka rahisi kwenda gumu: sauti mbili, kisha tatu, kisha tano. Kitabu cha John Blacking kuhusu nyimbo za watoto wa Kivenda, kilichotoka mwaka 1967, kinatikisa makubaliano hayo. Blacking alikaa kati ya Wavenda, kaskazini mwa Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1956 hadi 1958. Aliona kwamba nyimbo za watoto zaweza kupangwa na mchambuzi kutoka rahisi hadi ngumu, lakini watoto wenyewe hawazijifunzi kwa mpangilio huo. Hujifunza kwanza zile wanazozisikia mara nyingi, hata kama ni ngumu. Zaidi ya hayo, alionyesha kwamba mahadhi ya nyimbo nyingi za watoto yana uhusiano na tshikona, ngoma kuu ya Wavenda, ambamo kila mpigaji hupuliza filimbi yenye sauti moja tu, na wimbo hutokea pale wote wanapopishana na kuitikiana. Wimbo wa mtoto, basi, si muziki uliopunguzwa kwa ajili ya akili ndogo. Ni muziki wa watu wazima uliopita katika kinywa cha mtoto.

Kitabu hiki hakikosi mipaka yake. Kivenda ni lugha ya toni, na sehemu ya uchambuzi wa Blacking inategemea jinsi toni za usemi zinavyoathiri mahadhi. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ingawa lugha nyingi jirani zake huku Kongo, kama Kiluba na Kibemba, zinazo. Matokeo yake hayawezi kunakiliwa. Pia, Wavenda aliowachunguza waliishi mahali ambapo ngoma kuu ilisikika na kila mtoto. Hapo ndipo swali linapokuwa zito kwa miji yetu. Ikiwa mtoto hujifunza kile kinachomzunguka, basi kabla ya kuuliza tumfundishe nini, sharti tuulize tunaimba nini sisi watu wazima tukiwa mbele yake. Kiburi cha kusema kwamba Mwafrika amezaliwa na ngoma, na kwa hiyo hakuna la kufanya, hakipati tegemeo kwa Blacking. Anachofundisha ni kinyume: uwezo ni wa binadamu wote, lakini hukua pale tu jamii inapousikiza na kuutumia.

6. Mzazi ndani ya duara

Hapa ndipo mtindo wa karne iliyopita wa kuwakusanya watoto pamoja na wazazi wao unapopaswa kupimwa. Marekani, programu ya Music Together ilianzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya watoto wachanga, wadogo na familia zao. Msingi wake mmojawapo ni kwamba mzazi ashiriki hata kama hajui kuimba vizuri, kwani mtoto huiga utayari kabla ya kuiga ustadi. Msingi huo ni wa kweli, na mama yeyote aliyewahi kucheza ngoma huku mtoto amefungwa mgongoni ameutekeleza bila kusajiliwa. Mtoto huyo alipokea mdundo kwa kifua chake kabla miguu yake haijaweza kumsimamisha. Faida ya programu kama hiyo kwetu ni kumkumbusha mzazi kwamba alilokuwa akifanya ni kazi ya malezi, wala si kupoteza wakati. Hasara yake ni pale inapomfanya aamini kwamba haiwezekani kufanyika bila chumba, ada na mtaalamu.

Mkoani Haut-Lomami, katika mji wa Kamina, kuna mfano wa karibu. Huko padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda kwaya ya wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilizunguka Ulaya, na katika mwaka huo ikarekodi Missa Luba, misa ya Kilatini katika mitindo ya nyimbo za nyumbani kwao. Misa hiyo haikuanza kwa maandishi. Ilikua kwa kubuni pamoja, na noti zake zilichapishwa baadaye. Yafaa isisahaulike kwamba ilikuwa kazi ya wakati wa ukoloni, chini ya uongozi wa mgeni, kwa lugha ambayo waimbaji hawakuizungumza, na kwamba walioimba walikuwa wakubwa kuliko watoto wa chekechea. Pamoja na hayo, inathibitisha jambo moja: watoto na watu wazima wa mkoa huu, wakiwekwa katika duara moja na kuruhusiwa kubuni, walizaa kitu ambacho dunia ilikisikiliza.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Dalcroze hutibu ugonjwa ambao ni afadhali kuuzuia. Orff hurudisha kwetu marimba iliyonyamazishwa mvumo. Kodály ana haki kuhusu lugha ya mama, ila kipimo chake cha mkazo kinapaswa kubadilishwa na kipimo cha mizani. Na Blacking huwakosoa wote watatu kwa kuonyesha kwamba mtoto hufuata kinachosikika, hafuati kilicho rahisi.

Kutokana na hayo yafuata mambo matatu. Kwanza, nyimbo na michezo ya watoto wanaosema Kiswahili huku Kongo ikusanywe kwa maneno, kwa mahadhi na kwa maelezo ya mwendo wa mwili, maana maneno peke yake ni nusu ya mchezo. Wanafunzi wa lisansi wanaotafuta mada wanayo hapa, mlangoni mwa nyumba zao. Pili, katika duara la watoto wadogo matamshi ya nyumbani yaheshimiwe. Tatu, mama, baba, bibi na dada mkubwa waalikwe ndani ya duara hilo, si kama watazamaji wa sikukuu ya mwisho wa mwaka, bali kama wachezaji.

Si kwamba nyimbo za Kifaransa zifukuzwe. Mtoto ana nafasi ya lugha nyingi kinywani. Ila anayeanza maisha yake ya shule kwa kuimba asichokielewa, huku anachokielewa kikiachwa nje ya lango, hujifunza pamoja na wimbo somo jingine ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni: kwamba lugha ya mama yake haina mahali shuleni. Somo hilo hushikwa upesi, kwa sababu husikika kila siku. Na kama Blacking alivyoonyesha, kinachosikika kila siku ndicho mtoto hukishika kwanza.